Jikoni na Yaya: Maswali yenu juu ya jerk ya Jamaika

Mu numero iliyopita niliandika mistari michache tu, kwamba kuku wa jerk, ile ya Jamaika, anaweza kutoka vizuri kabisa na makala yetu ya kuchomea ya hapa Bukavu, basi barua zikaanza kuingia, zingine ndefu kunipita mimi mwenyewe. Leo najibu zile zenye zinaweza kusaidia watu wengi. Wale waliouliza bei ya kichupa mu supermarketi mnisamehe, ile inabadilika na dola, nikiiandika leo kesho mtasema Yaya anadanganya.

Yaya jambo. Dada yangu iko Toronto, alinitumia kichupa cha jerk na mtu mwenye alikuwa anarudi. Ni kitu ya rangi ya udongo, nzito, inanukia vizuri kweli. Mimi bila kuuliza mtu nikapakaa kuku muzima karibu nusu ya kichupa. Watoto walilia, bwana alikula kwa heshima tu, mie nikamaliza maji yote ya bidoni. Ile kitu njo nini haswa, na wanawekaka kiasi gani? (Mama wa Nguba)

Pole Mama, na pole zaidi kwa bwana, huyo ni mtu mzuri.

Kile ulipata ni jerk ya kupondwa, yenye majimaji. Kuna aina mbili zinauzwa. Hiyo yako, ndani mwake kuna pilipili mbichi, majani ya kitunguu, chumvi mingi na viungo, yote imesagwa pamoja. Na kuna ya unga mukavu, wanainyunyiza juu ya nyama. Ya kupondwa ni kali sana, hawaipakaake sawa vile tunapakaa tomate. Kwa nusu kilo ya nyama anza na kijiko kimoja kikubwa, basi, kama familia inaomba zaidi unaongeza siku nyingine. Na usiongeze chumvi wala Maggi mbele ya kuonja, juu ile chumvi yote tayari iko mu kichupa.

Pilipili yenye wanatumia kule inaitwa Scotch bonnet, ni ya ukoo mmoja na ile ya mviringo yenye mikunjo, ya njano na nyekundu, yenye wamama wanauza kwa vifungu Kadutu. Ukali wake wanaupima na kipimo cha Scoville, na inafika kati ya 100,000 na 350,000, kwa hiyo watoto wako hawakulia bure. Alafu maji yenye ulikunywa hayakusaidia kitu, ile kitu inayowasha mu pilipili haiyeyuke ndani ya maji, inayeyuka ndani ya mafuta. Siku ingine kunywa maziwa, ao ile maziwa ya kuganda, proteini yake inashika ule ukali na kuuondoa kwenye ulimi. Kama hakuna maziwa, kula bugali ao mkate, itapunguza kidogo.

Sasa ni nini haswa. Jerk ni viungo, lakini tena ni namna ya kuchoma, hapo watu wengi wanapotea, wananunua kichupa wanapika mu supu na kusema ni jerk. Mu Jamaika walikuwako Wataino, wenyeji wa kisiwa. Waspania wakaleta Waafrika kama watumwa, na wakati Waingereza walinyang'anya kisiwa mu 1655, wengi mu wale Waafrika wakakimbilia milimani na kujiunga na wenzao waliokuwa wametoroka mbele. Wanaitwa Maroon. Kule porini walikuwa wanawinda nguruwe mwitu, wanaipaka viungo vya pale na wanaichoma polepole sana juu ya moto mdogo. Inasimuliwa kwamba walikuwa wanafunika shimo la moto kusudi moshi usionekane na askari. Waingereza walipigana nao miaka na miaka mpaka wakachoka, mu 1739 wakatia sahihi mapatano na Maroon wa upande wa magharibi wenye kiongozi wao alikuwa Cudjoe. Mpaka leo, mtu wa Jamaika ukimuuliza jerk ya kweli iko wapi atakutuma Boston Bay, mu jimbo la Portland, kando ya bahari.

Kwa hiyo Mama, hiyo chakula ilitengenezwa na watu wa damu yetu. Lakini kwa kipimo, tafadhali.

Mie sina dada Toronto. Naweza kutengeneza jerk yangu na vitu vya Kadutu? Na hiyo "allspice" yenye wanaandika kila mahali mu resepti, naipata wapi? (Mudogo wa Bagira)

Unaweza, na mi nakushauri ufanye vile hata kama ungekuwa na dada Toronto. Karibu kila kitu tuko nacho. Kile cha kutafuta ni kimoja tu, hiyo allspice, na ni hapo mi naona pesa yako iende, si kwa kichupa chenye wengine wameshapondea.

Ni tunda dogo la mti, mti wenyewe kwa sayansi ni Pimenta dioica, wanalichuma likiwa bado bichi na kulianika juani mpaka linakuwa la kahawia, la mviringo, kubwa kidogo kupita pilipili manga. Wajamaika wanaliita pimento. Ukilisaga utasikia harufu ya karafuu, mdalasini na muskade pamoja, ni sababu watu wengi wanazani ni mchanganyiko, lakini hapana, ni kitu kimoja tu. Hapa utalipata mu alimantasio zenye zinauzaka viungo vya Wahindi, ao utume mtu mwenye anaenda Kigali ao Kampala. Lakini angalia: kuna vichupa vimeandikwa Quatre-épices kwa kifaransa. Vingine ni allspice kweli, vingine ni mchanganyiko wa pilipili manga, karafuu, muskade na tangawizi. Soma nyuma ya kichupa. Kama wameandika vitu vinne, si hiyo unatafuta, hata kama muuzaji anaapa.

Ukikosa kabisa, fanya hivi: kwa kila kijiko cha chai cha allspice, weka nusu kijiko cha mdalasini, robo ya muskade na robo ya karafuu, vyote vya unga. Haitakuwa sawasawa lakini haitakuwa mbali sana, juu karafuu na allspice ziko na mafuta ileile ya harufu ndani yao, yuzenoli. Usizidishe karafuu, ikizidi tu kidogo chakula inanuka sawa kwa daktari wa meno.

Kwa kuku mmoja wa kilo moja na nusu hivi, mi nawekaka kijiko kikubwa kimoja cha allspice iliyosagwa, fungu moja la majani ya kitunguu, punje tano za ayi, tangawizi urefu wa kidole gumba, kijiko kikubwa cha thaimu (yale majani madogomadogo makavu ya kwenye kichupa, ukiwa na mabichi weka mara mbili ao tatu), kijiko cha chai cha pilipili manga, nusu kijiko cha mdalasini, muskade kidogo ya kukwangua, sukari ya kahawia kijiko kikubwa, soya sosi vijiko viwili vikubwa, ndimu moja kubwa, mafuta vijiko viwili na chumvi kijiko cha chai. Pilipili moja. Moja! Ondoa mbegu na ule utando mweupe wa ndani, ukali mwingi unakaa mu huo utando, siyo mu mbegu vile watu wanasemaka. Kama mmekomaa muweke mbili ao tatu, mu Jamaika wanaweka hata zaidi.

Vyote ponda mu kinu ao piga mu mikseri, lakini usifanye laini kabisa sawa juisi, acha iwe na chembechembe. Pasua nyama na kisu mpaka karibu na mfupa, ingiza viungo mule ndani na vidole (vaa sashe mkononi), alafu lala nayo usiku muzima mu furigo. Kama hakuna furigo, saa moja ao mbili basi, na mahali pa baridi, alafu unapika siku ileile.

Na ukitaka ya unga mukavu, unaondoa vyote vyenye maji, unaweka unga wa ayi na wa kitunguu, thaimu kavu na pilipili ya unga, vile vingine vinabaki. Ni nzuri kwa wale wenye kupika haraka jioni wakitoka kazini, lakini mi bado napenda ile mbichi, haina mpinzani.

Mimi niko na nganda Panzi, nachomaka nguruwe na kuku. Nilijaribu hiyo jerk, inje ikawa nyeusi tiii, ndani damu. Wateja wawili walirudisha sahani. Nifanye nini? (Papa wa nganda)

Papa, moto wako ni mkali na nyama iko karibu sana. Burusheti zinataka hivyo, vipande vidogo, moto mkali, dakika chache inaisha. Jerk inataka kinyume. Tena viungo vyake viko na sukari, na sukari inaungua mbele ya nyama kuiva, kwa hiyo ule weusi uliona ulikuwa ni sukari na majani ya kitunguu, nyama yenyewe ilikuwa bado haijui kama iko kwenye moto.

Chukua pipa la chuma lililopasuliwa katikati, lile wengi mko nalo tayari. Hata Wajamaika wanachomea mu mapipa ya namna hiyo barabarani. Makala yote sukuma upande mmoja. Anza kuweka nyama upande wa makala dakika chache tu ishike rangi, kisha ihamishe upande ule usiokuwa na makala na ufunike. Ufunike na sufuria kubwa ao kifuniko cha chuma cha kawaida, siyo bati la paa, lile limepakwa zinki na likipata moto mkali linatoa moshi mbaya kwa mapafu. Hapo acha nyama ijipike na joto na moshi, unageuza mara kwa mara, unaongeza makala kidogokidogo. Mapaja ya kuku yanaweza kuchukua saa nzima, hata kupita. Bega la nguruwe ni masaa mengi, ukilikata vipande vikubwa vya unene wa ngumi linaenda haraka kidogo.

Kabla ya kuweka juu ya moto pangusa ule uji mwingi wa viungo wenye umeshikamana inje, kile kilipaswa kuingia kimeshaingia. Ile yenye imebaki mu beseni, yenye ililala na nyama mbichi, usiipakae mwishoni juu ya nyama yenye imeiva, unarudisha vijidudu. Ichemshe kwanza itokote dakika kadhaa, alafu hapo unaweza kupakaa, na hata kuongeza asali ao sukari, dakika za mwisho kabisa.

Kujua kama imeiva: kuku anataka nyuzi 74 ndani kabisa karibu na mfupa, kile kipimajoto cha nyama hakigharimu sana na kwa mtu mwenye biashara mi naona ni lazima. Bila kipimajoto, choma na kisu kwenye paja, maji yatoke meupe, siyo ya pinki. Na kwa nguruwe, Papa, hapa sicheki: iive mpaka ndani. Na mbele hata ya kuinunua, iangalie vizuri, kama kuna vitu vyeupe vyeupe mu nyama sawa punje za mchele, acha, ni watoto wa tegu hao, na mayai ya ule mnyoo yanaweza kumpeleka mtu mpaka kifafa. Hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Haswa kama anakupunguzia bei!

Sasa moshi. Kule wanachomea juu ya kuni za mti uleule wa pimento, na majani yake, njo maana harufu yake haifanane na kitu kingine. Hatuna huo mti. Lakini tuko na mapera, na mpera ni ndugu wa pimento, ukoo mmoja wa miti. Kuni za mpera zilizokauka vizuri zinatoa moshi mtamu, weka vipande viwili ao vitatu juu ya makala. Ongeza konzi ya majani ya lorie yenye umelowanisha na maji, na kama uko na punje za allspice lowanisha chache utupe nazo kwenye moto, utaona majirani wanatoka inje kuuliza. Najua mtu ataniandikia kwamba mkalitusi nayo iko mu ukoo huohuo na milima yetu imejaa mikalitusi. Ni kweli, lakini usijaribu, nyama itanuka dawa ya kifua. Na mbao za samani zenye rangi ao vernisi hapana, hata kama ni za bure.

Juu nini tunakimbilia viungo vya wazungu na wajamaika wakati tuko na pilipili yetu ya asili? (Mzee wa Ibanda)

Mzee wangu, shikamoo. Pilipili yetu ya asili ilitoka kulekule Amerika, Wareno walileta kwa meli kisha ya 1492. Na muhogo vilevile, na mahindi, na maharagi ya bugali yetu. Sisemi mbaya, nasema tu hivi vyakula vilishavuka bahari mara mingi mbele yetu, mi sioni aibu kimoja kikirudi kimepikwa na wajukuu wa watu walichukuliwa huku Afrika. Lakini kama unapenda pilipili ya kawaida na chumvi na ndimu juu ya mbuzi, mi nakuja kula kwako bila swali lolote.

Naweza kutia jerk mu sambaza? Na tilapia? (Dada wa Muhanzi)

Tilapia, ndiyo, na inatoka vizuri kupita vile ulifikiri. Lakini samaki usimlaze usiku muzima mu viungo, ndimu itapika nyama yake na itakuwa unga unga mdomoni. Dakika 20 ao 30 inatosha. Mpasue mistari mitatu kila upande, jaza viungo kwenye mistari na mu tumbo pamoja na majani ya kitunguu, funga mu jani la ndizi na uweke juu ya makala ya polepole. Wakati wa mwisho fungua lile jani kusudi moshi uingie. Fanya nusu ya kiasi cha pilipili.

Sambaza, hapo tumia ile ya unga. Ukizilaza mu ile yenye maji zitavunjika zote na mafuta yatakurukia. Zioshe, zikauke vizuri, changanya unga wa ngano ao wa mahindi kidogo na kijiko cha viungo vya unga, zigeuze humo, kaanga mu mafuta yenye moto sana, na ukizitoa nyunyiza tena kidogo zingali na moto. Na ndimu. Fretini zile zilizokaushwa mi sitii jerk, ziko na ladha yake kali ya kutosha, vitapigana.

Niko mwanafunzi, napanga chumba kimoja. Wakati wa mvua naingizaka mbabula ndani. Naweza kuchoma jerk na kufunika vile unasema, kusudi moshi ubaki kwa nyama? (Mwanafunzi wa Kadutu)

Hapana. Mudogo wangu, hapana kabisa, na acha hata kuingiza hiyo mbabula, jerk ao bila jerk. Makala inatoa gazi ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, haionekane hata kidogo. Makala yenye imeshakuwa nyekundu na haina moshi tena njo inadanganya watu, wanazani haina hatari, wanafunga mlango juu ya baridi, wanalala. Kichwa kinauma, unasikia usingizi na kutapika, alafu unakosa nguvu hata ya kufungua mlango. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshe. Baraza yenye hewa, ndiyo. Chumba, hapana.

Kwa wewe kuna njia ya kikaango. Umeme ukikuja, weka resho, kaanga vipande vya kuku (mapaja ndiyo mazuri, kifua kinakauka) mu mafuta kidogo mpaka ngozi ishike rangi, mwaga mafuta yamezidi, weka vijiko viwili vya viungo ulivyoponda na maji nusu kikombe, funika, moto mdogo, dakika 35 hivi. Mwisho unafunua unaacha maji yakauke mpaka viungo vishikamane na nyama. Haina moshi, kwa hiyo mtu wa Portland atakucheka, lakini yeye hayuko na mvua ya Bukavu ya mwezi wa nne. Umeme ukikatika katikati, usiache ile nyama nusu mbichi mu sufuria mpaka kesho, tafuta jirani mwenye gazi.

Mama yangu iko na tansioni, daktari alimkataza chumvi. Na mi niko na vidonda vya tumbo. Tutaonja hiyo kitu? (Dada wa Nyawera)

Mama anaweza, ukitengeneza mwenyewe. Vichupa vingi vya dukani vinakuwaka na chumvi mingi, na soya sosi ni chumvi yenye rangi, kwa hiyo toa vyote viwili. Ongeza ndimu, tangawizi, ayi na allspice, ulimi hautasikia sana kama chumvi haiko. Maggi pia toa, mara mingi mtu anaondoa chumvi na mkono wa kuume anarudisha kibe na mkono wa kushoto.

Kwa vidonda vyako, kila tumbo iko na tabia yake, muulize daktari wako. Lakini unaweza kutengeneza yako bila pilipili hata moja na bado itanukia jerk, juu harufu inatoka kwa allspice, thaimu na moshi. Mi nawatengenezeaka watoto ya namna hiyo na hawaachi kitu.

Wanakulaka na nini kule? Mi niliweka na bugali. (Papa wa Chahi)

Bugali ni sawa, hasa ya muhogo. Kule wako na bammy, mkate bapa wa muhogo, na festival, unga wa mahindi na wa ngano na sukari wanakaanga, karibu sawa beignets zetu lakini ndefu. Tena wali wenye wamepika pamoja na maharagi mu maziwa ya nazi, na thaimu na pilipili nzima juu, yenye haikupasuka. Huo wali ujaribu, maharagi yetu mekundu yanafaa kabisa, nazi unapata ya mkebe ao ya unga. Pilipili ikipasuka mu sufuria ya wali, hapo kila mtu na Mungu wake.

Makemba ya kuchoma pia. Na nanasi la Idjwi lililokatwa mapande mazito, weka juu ya grili dakika mbili kila upande kando ya nyama. Mi ningeanza na hilo.

Niliponda nyingi nikamimina mafuta juu, niko naiweka mu chupa mu kabati. Itadumu? (Mama wa Kasha)

Mama, itoe mu kabati leo. Ayi mbichi ndani ya mafuta, kwa joto la nyumba, inaweza kukuza kijidudu cha botulizimu, na sumu yake haibadilishe harufu wala ladha, huwezi kuijua kwa kunusa. Kama imekaa siku kadhaa, itupe, pole sana kwa pesa na mkono wako. Nyingine ukiponda, mu furigo siku tatu ao nne, ao mu konjelateri, unaigawa mu sashe ndogondogo za kupika mara moja, hapo inakaa miezi. Mwenye hana furigo aponde ya siku ileile, ao atengeneze ya unga, ile ukiikausha vizuri na kuifunga mu chupa kavu mbali na mwanga inafika miezi sita bila shida, harufu tu inapungua polepole. Na kijiko chenye maji kisiingie humo.

Nikiponda pilipili vidole vinawaka mpaka asubuhi, na niko na mtoto wa kunyonya. Nifanye nini? (Mama kijana wa Panzi)

Jambo la kwanza vaa sashe mkononi, hata ile ya mkate, funga na kamba kwenye kiwiko cha mkono. Kama umeshagusa, usianze na maji: paka mafuta ya kupikia kwenye vidole, sugua na chini ya kucha, pangusa na karatasi, alafu sabuni ya vyombo na maji, rudia mara mbili. Usiguse macho, wala matiti, wala nepi ya mtoto mbele ya hapo. Na siku ya kuponda pilipili mingi, mpe bwana kinu.